Apolo Kivebulaya, mtu aliyekwenda na jembe



Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana humkumbuka Kasisi Apolo Kivebulaya. Waliotoka Boga wanalijua jina hilo tangu utoto. Sisi tuliotoka Masisi, Uvira au Fizi huenda tumelisikia tu kwenye matangazo ya ibada. Mimi si Mwanglikana, lakini nikitembelea familia hapa kwenye makazi naulizwa mara nyingi kama mkristo anayeogopa bado ana imani. Ndiyo maana nimeona niandike habari za mtu huyu.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia. Ujana wake haukuwa wa mtakatifu. Alivuta bangi, na vita vya dini vilipoanza Buganda mwaka 1888 alikuwa askari upande wa Waislamu. Baadaye akaacha, akajifunza kusoma Injili, na mwaka 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo, yule mhubiri wa Matendo ya Mitume. Kivebulaya ni jina la utani: kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kuvaa pamoja na kanzu yake.

Kanisa lilimtuma Toro, na kutoka huko, mwishoni mwa 1896, akavuka bonde la mto Semliki kwenda Boga, ambako vitabu vya zamani huandika Mboga. Walimu wawili walikuwa wametangulia. Chifu Tabaro hakupenda mafundisho yao juu ya ulevi na wake wengi, basi akawakatalia watu wasiwape chakula. Njaa ikawashinda, wakarudi. Apolo alijua habari hiyo, na kabla ya kuondoka akanunua jembe.

Naomba tukae kidogo kwenye jembe hilo. Wako wahubiri wanaopita hapa kwetu na kufundisha kwamba mwenye imani hajali kesho atakula nini, kisha wao wenyewe wanapanda gari na kurudi mjini. Apolo alimtegemea Mungu kuliko wengi wetu, na alilima. Chifu alipomnyima chakula, alikuwa na mihini yake mkononi. Mama anayelima ploti yake ya mihogo ili asingoje tu siku ya mgao hajapungukiwa na imani hata kidogo.

Lakini jembe halikumkinga na fimbo. Alipigwa kwa amri ya Tabaro. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Wakati wa ujenzi, dada wa chifu alikuwa amebeba majani ya kujengea, na ndani yake mlikuwa na mkuki ambao hakuuona. Alianguka, mkuki ukamchoma, akafa. Tabaro akamshitaki Apolo kwamba amemwua. Wakamfunga, wakamchapa, wakampeleka mbali hadi kwenye ngome ya Waingereza kule Toro, akatiwa gerezani. Hakuwa na mke wala ndugu karibu. Mtu asiye na kosa, mgeni, anashitakiwa kwa damu ya mtu wa ukoo wa mtawala: wengi wetu tunajua vesi la namna hiyo linavyoweza kuisha.

Aliogopa. Hili napenda mlishike, kwa sababu tukihubiri juu ya mashujaa wa imani tunapenda kulificha. Yeye mwenyewe hakulificha. Alisimulia kwamba katika siku hizo za dhiki alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwambia kwamba yu pamoja naye. Kristo hakumtokea ili amkemee kwa kuogopa. Alimkuta katika hofu yake, akamtia nguvu humo humo. Mnyororo haukukatika usiku ule.

Baadaye ikaonekana hana hatia, akafunguliwa. Angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga, kwa Tabaro yuleyule. Chifu alishangaa kuona mtu aliyemtesa amerudi bila kisasi, na kidogo kidogo moyo wake ukageuka. Akabatizwa, akaitwa Paulo.

Hapa lazima niseme jambo, maana najua habari hii inaweza kutumiwa vibaya. Apolo alikuwa peke yake, na alirudi kwa hiari yake. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, saa chache tu baada ya siku ya kumkumbuka Apolo. Kati yetu wako waliokimbia na watoto baada ya usiku ule, wakija upande huu ambako yeye alitokea. Mtu asiwaambie kwamba wangekuwa na imani ya Apolo wangekuwa wamerudi. Kusamehe kunaweza kuanza hata hapa, tukiwa mbali. Kuirudisha familia mahali penye bunduki ni suala jingine.

Mwaka 1900 alifanywa shemasi, na 1903 kasisi. Alitumika miaka mingi Toro. Katika kipindi hicho Waingereza na Wabelgiji wakapanga upya mpaka, na Boga ikahesabiwa kuwa ya Kongo ya Wabelgiji. Watu wake walilala nchi moja wakaamka nyingine bila kuhama. Mnamo 1915 Apolo akarudi kwao, akakaa nao hadi mwisho. Hakuzaa, lakini nyumba yake ilijaa watoto aliowalea.

Kutoka Boga alitazama msitu wa Ituri, na kuanzia 1921 akaanza kuwaendea Wambuti. Majirani waliwadharau, wakawaita mbilikimo na kuwaona kama si watu kamili. Apolo alikaa nao na kujifunza maneno yao, akashughulikia kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Kabla hajafa aliwaona baadhi yao wakibatizwa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipoianza kazi hiyo, umri ambao wazee wengi wa kanisa huomba wapumzishwe.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka maiti ilazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao Buganda. Yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi, na Kanisa la Anglikana la Kongo lote linahesabu mwanzo wake hapo, kwenye kaburi lile.