Bi Salme: Binti wa Sultani aliyeandika maisha yake kwa ajili ya wanawe

HISTORIA ya Zanzibar ya karne ya 19 imejaa majina ya masultani, mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Wanawake wa kasri hawakuandikwa sana, nao wenyewe hawakuandika, kwa kuwa mila ya wakati huo iliwaruhusu kusoma lakini ikawanyima kalamu. Aliyeivunja mila hiyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya ilimfahamu kwa jina la Emily Ruete.

Bi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, ambalo magofu yake yapo ufukweni kaskazini mwa Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Circassia. Akiwa bado mtoto, alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ulimponza mapema. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Salme, aliyekuwa na umri wa takribani miaka 15, alifanywa katibu wa waasi kwa sababu alijua kuandika. Uasi huo ulishindwa, na nafasi yake katika ukoo ikatetereka.

Miaka michache baadaye alipendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alipopata ujauzito, maisha yake yalikuwa hatarini, na mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na mwaka 1867 akabatizwa na kufunga ndoa. Mtoto huyo alifariki wakiwa njiani kuelekea Ujerumani.

Mjini Hamburg walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwezi Aprili 1870. Mwezi Agosti 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi, akafariki. Mjane huyo akabaki katika nchi ya ugeni na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka miwili na mdogo akiwa na miezi minne tu.

Kilichofuata ni miaka ya dhiki. Binti wa Sultani, aliyekulia katikati ya watumishi, alilazimika kufundisha Kiarabu ili wanawe wapate riziki. Alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, kisha Rudolstadt na Berlin. Mwaka 1875 alikwenda London kwa matumaini ya kupatana na Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani na alikuwa ziarani huko. Sir Bartle Frere, mwanasiasa wa Uingereza, alimtaka asimkaribie kaka yake, akimuahidi kwamba wanawe wangepata msaada. Kwa ajili ya watoto alikubali. Sultani alipokwisha kuondoka, ahadi hiyo haikutimizwa.

Ni katika hali hiyo ndipo alipoanza kuandika, yapata miaka tisa kabla ya kitabu kutoka. Hakukusudia kukiuza. Afya yake ilikuwa dhaifu, na alihofu kufa kabla wanawe hawajafikia umri wa kusimuliwa mambo. Walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu aliyetoka Zanzibar. Hawakumjua babu yao wala kasri la Mtoni, wala sababu iliyomfanya mama yao aiache nchi yake. Aliandika kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani, kwa kuwa ndiyo waliyokulia wanawe. Malezi ndiyo yaliyomnyima nafasi na nguvu za kuandika, lakini ndiyo pia yaliyompa sababu ya kuandika.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar akiwa na wanawe, safari hii pamoja na manowari za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilitaka kumshinikiza Barghash kuhusu maeneo ya bara, na madai ya urithi ya dada yake yalikuwa karata muhimu. Barghash alikataa kumpokea. Wajerumani walipopata walichokitaka, suala la Bi Salme liliwekwa kando.

Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888. Watafiti wengi humtaja kuwa mwanamke wa kwanza Mwarabu kuchapisha maisha yake mwenyewe. Hata hivyo, kitabu hicho si cha kusifiwa bila swali. Ndani yake aliutetea utumwa kama alivyouona akiwa kwenye kasri, na msomaji wa leo hawezi kulipita jambo hilo kimya. Alieleza vyema uchungu wa kupoteza nchi, lakini hakuuona ule wa waliotekwa na kuletwa Zanzibar kwa nguvu.

Baada ya safari ya pili ya Zanzibar mwaka 1888, ambayo nayo haikumpatia urithi, aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Katika vitu alivyoviacha ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Lengo lake la kwanza, la kuwafahamisha wanawe asili yao, lilitimia. Mwaka 1929, miaka mitano baada ya kifo cha mama yake, Rudolph Said-Ruete alichapisha London kitabu kuhusu maisha ya babu yake, Sayyid Said bin Sultan. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa na umri wa mwaka mmoja, akakulia Ujerumani bila kumwona hata mara moja babu huyo, ndiye aliyeshika kalamu kumwandika.