Edmond Albius: Mtumwa aliyeozesha ua la vanila

KATIKA mashamba ya Mwamapalala, kata iliyokuwa chini ya Wilaya ya Bariadi kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, mkulima wa pamba hana haja ya kuamka alfajiri kwenda kuozesha maua. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa na weupe wa maziwa, chavua yake huangukia humo humo, nyuki huongeza kidogo, na kesho yake petali zimekwisha kugeuka rangi ya waridi. Mahindi ya shamba la pili nayo hutegemea upepo. Mbelewele za juu humwaga unga wake, ndevu za bunzi huupokea, na kila unywele uliokosa unga huo huacha pengo la punje moja.

Vanila haikujaliwa wepesi huo, na aliyeitafutia dawa hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa miaka 12, tena mtumwa.

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon ambacho leo huitwa Réunion, mashariki ya Madagascar. Visiwa vya pande hizo vilijengwa kwa jasho la watu waliotekwa Madagascar na katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mama yake Edmond, Mélise, alifariki dunia wakati wa kumzaa. Mtoto hakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa mtumwa hakuruhusiwa kuwa nalo.

Alilelewa na Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa sana mimea. Kijana alimfuata bwana wake bustanini kutwa nzima, akajifunza majina ya maua na sehemu zake. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Alionyeshwa, hata hivyo, jinsi ya kuchukua unga wa ua dume la mmea wa jamii ya maboga na kuupaka ua jike kwa mkono.

Hapo yafaa kueleza kidogo. Chavua hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo vya upande wa kiume wa ua, ambamo chembe mama hugawanyika na kutoa chembe nne, kila moja ikibeba nusu ya urithi wa mmea. Ikitua juu ya stigma, yaani mdomo wa upande wa kike, chembe ya chavua huotesha mrija mwembamba unaopenya hadi kwenye vijiyai vilivyofichika chini. Mrija huo hupitisha mbegu mbili za kiume. Katika mahindi, moja huungana na yai, na ya pili huanzisha kile chakula cha mbegu ambacho sisi hukisaga tukapata unga wa ugali.

Ua la vanila lina pande zote mbili, la kiume na la kike, lakini kati yake kuna kiwambo chembamba kinachozuia chavua isifike kwenye stigma. Isitoshe, hufunguka kwa siku moja tu na kunyauka. Kwao Mexico wapo wadudu wanaolihudumia, ila mche ulipovukishwa bahari wadudu walibaki. Ndiyo maana vanila iliyopandwa Bourbon miaka ya 1820 ilistawi, ikatambaa na kutoa maua bila ya kuzaa. Mwaka 1836 Charles Morren alifaulu kuizalisha kwa mkono katika jiji la Liège, Ubelgiji, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuta maganda mawili yakining'inia kwenye mche wake uliokuwa tasa kwa karibu miaka 20. Edmond alisema ni kazi yake, na bwana hakuamini hadi alipoonyeshwa. Kijana alilipasua ua, akanyanyua kiwambo kwa kijiti chembamba, kisha kwa kidole gumba akaikandamiza chavua juu ya stigma. Ni kazi ya sekunde chache! Wenye mashamba wa jirani walimwita awafundishe watumwa wao. Mwaka 1848 kisiwa kilipeleka Ufaransa kilo 50 za vanila. Kufikia mwaka 1898 zilikuwa tani 200, na Mexico ilikuwa imekwisha kuachwa nyuma.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani Desemba 20, 1848. Edmond alipewa uhuru na jina la Albius, ambalo mzizi wake wa Kilatini humaanisha weupe. Serikali ya Ufaransa iliwalipa fidia waliokuwa na watumwa. Yeye hakulipwa kitu. Alikwenda Saint-Denis kufanya kazi za jikoni, akahusishwa na wizi wa vito na kufungwa. Bellier-Beaumont alimwombea kwa gavana, akikumbusha jinsi koloni lilivyotajirika kwa mkono wa kijana huyo, na kifungo kikapunguzwa.

Pigo jingine lilitoka kwa msomi. Mtaalamu wa mimea Jean Michel Claude Richard alidai kwamba yeye ndiye aliyeileta njia hiyo kisiwani miaka michache kabla. Bellier-Beaumont, mzungu aliyewahi kummiliki Edmond, ndiye aliyeandika kumtetea, na kwa hilo anastahili shukrani, japo ni aibu kwamba neno la mgunduzi mwenyewe halikutosha.

Albius alirejea Sainte-Suzanne, akaoa, akafariki dunia hospitalini Agosti 1880 akiwa fukara. Siku hizi sanamu yake imesimama katika mji huo.

Njia yake haijabadilishwa na mashine yoyote. Madagascar, nchi inayoongoza kwa zao hilo duniani, huitumia. Bukoba mkoani Kagera na Mukono nchini Uganda vivyo hivyo. Msimu wa maua unapofika, wakulima huingia shambani asubuhi wakiwa na vijiti mkononi, hupita ua kwa ua kabla jua halijawa kali, kisha husubiri takribani miezi tisa.