Freddie Mercury: Msee wa Zanzibar Aliyesomea Dizaini, Akauza Mitumba, Kisha Akateka Dunia

Umemaliza diploma ya dizaini na bado uko kejani ukingoja simu ya kazi? Basi hii stori ni yako. Wengi wanamjua Freddie Mercury kama yule jamaa wa masharubu aliyeimbia Queen. Lakini karatasi aliyotoka nayo chuoni ilikuwa ya kuchora, si ya kuimba.

Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Familia ilikuwa ya Waparsi kutoka India na mbuyu wake alikuwa keshia wa serikali ya mkoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga kinanda kwenye bendi na mabeshte zake. Mapinduzi ya 1964 yalipozuka Zanzibar, familia ilitoroka ikaanza maisha upya Feltham, karibu na London.

1966 akaingia Ealing Art College, na 1969 akatoka na diploma ya grafiki na dizaini. Sasa kwa ground, mambo yalikuwa tofauti. Kuna wakati alibeba mizigo ya abiria Heathrow. Baadaye yeye na Roger Taylor wakafungua kibanda cha mitumba Kensington Market.

Ila chuo kilikuwa kimempa watu. Pale Ealing alikuwa na beshte anaitwa Tim Staffell, mwimbaji wa bendi ya Smile, na kupitia kwake akajuana na Taylor na Brian May. Tim alipojitoa 1970, Freddie akaingia na kuipa bendi jina jipya: Queen.

Hapo ndipo diploma ilianza kulipa. Nembo ya bendi alichora mwenyewe, akitumia nyota za kuzaliwa za kila mmoja: simba wawili wa Taylor na John Deacon, kaa wa May, na mabinti wawili wenye mabawa wa kwake. Katikati kuna herufi Q yenye taji, na juu ndege mkubwa ametandaza mabawa. Luku za stejini pia alizichukulia siriaz, kwa sababu alijua watu huona kabla hawajasikia.

1975 ikatoka Bohemian Rhapsody, ngoma ya karibu dakika 6 wakati redio zilitaka fupi. Ilikaa namba moja Uingereza wiki 9. Julai 13, 1985, kwenye Live Aid pale Wembley, dakika kama 20 tu zilimtosha kushika umati wa zaidi ya watu 70,000.

Alifariki Novemba 24, 1991, akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI.

Kazi ya ofisi haikumfanya staa, lakini masomo hayakupotea. Ile nembo aliyochora akiwa bado anasaka doh, Queen wanaitumia hadi leo.