Mohamed Amin na Kamera ya Kijisanduku

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Kijana wa Noonkopir, pale Kitengela katika Kajiado, mwenye fedha kidogo na hamu kubwa ya kupiga picha, anaweza kupoteza siku nyingi akichagua kamera kuukuu. Huenda akapendezwa na Olympus Pen, iliyotoka Japani mwaka 1959. Yaingia mfukoni, na kila picha yake huchukua nusu tu ya nafasi ya kawaida, hata filamu ya picha 36 ikatoa 72. Si chaguo baya, mradi lenzi isiwe na ukungu. Lakini kabla hajafungua kibeti, na asikilize habari za marehemu Mohamed Amin.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Jamaa yake ilihamia Dar es Salaam, na huko, akiwa bado mwanafunzi, akanunua kamera yake ya kwanza. Ilikuwa Box Brownie iliyokwisha tumika, kijisanduku tu. Hakungoja apate iliyo bora. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, naye hajatimiza hata miaka 21.

Kazi hiyo haikuwa ya raha. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa sababu ya picha zake, akakaa gerezani takriban mwezi mzima, kisha akafukuzwa, akarejea Nairobi. Hakuiacha kamera. Mwaka 1969 alipiga picha mara baada ya Tom Mboya kupigwa risasi. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha za Hija, kilichowaonyesha walimwengu safari ya mahujaji wa Makka.

Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Njaa ilikuwa imewakumba watu kwa muda mrefu, na habari zake zilikuwa zimeandikwa, lakini walimwengu hawakushtuka. Picha za Amin zilipoonyeshwa na BBC tarehe 23 ya mwezi huo, nyoyo zikatikisika, na michango ikamiminika kutoka pande zote.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, John Mathai, alifariki papo hapo, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda, iliyokuwa imetekwa nyara, iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Basi, kijana wa Noonkopir achukue kamera anayoiweza, ndogo au kubwa, atoke nayo nje. Watu wa Korem hawakufaidika na ubora wa chombo. Walifaidika kwa kuwa aliyekishika alifika walipo, wala hakugeuza uso.

Mwenyezi Mungu amrehemu.