Meyer: Tabibu aliyefumbua siri ya watoto wapumuao kwa mdomo

MTOTO anayelala kinywa wazi akikoroma usiku kucha, na mchana huitwa mara tatu kabla hajageuka, zamani alihesabiwa kuwa mzito wa akili. Aliyewaondolea watoto wengi wa aina hiyo lawama ni Hans Wilhelm Meyer, tabibu wa Denmark aliyezaliwa mjini Fredericia mnamo Oktoba 25, 1824.

Meyer alikuwa akifanya kazi jijini Copenhagen pale alipomhudumia, mwaka wa 1867, msichana aliyesikia kwa shida na ambaye sauti yake ilikuwa imefifia. Badala ya kushughulikia masikio peke yake, alipitisha kidole kinywani hadi nyuma ya kaakaa, mahali ambapo pua hukutana na koo. Hapo akagusa vinyama vyororo vilivyoijaza nafasi hiyo. Alivipa jina la adenoidi, akabuni kisu kidogo chenye umbo la pete cha kuviondolea, akikipitisha puani huku kidole kikikiongoza kutoka nyuma.

Wapo waliowahi kuviona vinyama hivyo kabla yake. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu jinsi vinavyoziba njia ya hewa, vikamlazimu mtoto kuachama, na vinavyoweza kudhuru masikio. Alichapisha matokeo yake kwa Kidenmaki mwaka wa 1868, na mwaka wa 1870 madaktari wa London wakayasoma kwa Kiingereza.

Ujuzi wake mkubwa, kwa maoni yetu, ulikuwa katika kutazama. Kabla ya kumgusa mgonjwa alimchungua uso: midomo isiyokutana, pua nyembamba, sura ya kuduwaa. Kisha alimsikiliza akinena, kwani pua iliyoziba huharibu sauti za M na N. Kwa Kiswahili kasoro hiyo ingejitokeza upesi, maana mtoto amwitapo mama husikika kama anamwita baba! Hakungoja tu wagonjwa wamjie, bali aliwachunguza pia watoto wa shule.

Siku hizi kidole kimeachia nafasi kamera nyembamba ipitishwayo puani, au picha ya eksirei inayopigwa kwa ubavu. Lakini hatua ya kwanza ingali ile ile. Mzazi huulizwa kama mtoto hukoroma, hushtuka usingizini kwa kukosa pumzi, au huamka kinywa kikiwa kikavu. Daktari humtazama akiwa ametulia, bila kumwambia afumbe mdomo, kwani akiambiwa ataufumba. Tena humwekea kioo kidogo chini ya pua kuona kama tundu zote mbili zinakitia ukungu.

Adenoidi hunywea kadiri mtoto anavyokaribia utu uzima. Kwa hivyo kijana wa miaka 15 mwenye tatizo hili huchunguzwa pia mzio, mafindofindo, au ukuta wa pua uliopinda. Si kila aachamaye ana vinyama vya Meyer, na si kila mwenye navyo huhitaji kisu.

Katika uzee wake Meyer alipenda kuchunguza sanamu na picha za watu wa kale, akitafuta dalili za ugonjwa huo usoni mwao. Alifariki Venice, Italia, mnamo Juni 3, 1895. Miaka mitatu baadaye, kwa michango iliyotoka nchi mbalimbali, sanamu yake ilizinduliwa Copenhagen.