Samuel Johnson: Jamaa aliyetolewa jasho na neno ‘take’

Ndege ina-‘take off’. Wewe nawe ukifika kwa nyanya una-‘take off’ viatu mlangoni. Dawa una-‘take’, picha una-‘take’, mtihani pia una-‘take’. Mtoto akifanana na babake, Mwingereza atasema ame-‘take after’ mzee. Neno ni lile lile la herufi nne, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia linaishia wapi.

Kuna jamaa aliyekaa chini akajaribu kulimaliza. Aliitwa Samuel Johnson, na maana alizoliandikia zilifika 134.

Johnson alizaliwa Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Babake alikuwa muuza vitabu, duka limejaa vitabu lakini mfuko mtupu. Utotoni aliugua ugonjwa wa tezi uliomwachia makovu shingoni na jicho moja ambalo karibu halikuona kitu. Tena mwili wake ulikuwa na tabia ya kurukaruka wenyewe bila yeye kupenda, watu wakamkodolea macho maisha yake yote. Akili ilikuwa moto, ila alipoingia chuo cha Oxford mwaka 1728 alikaa kama mwaka mmoja tu, pesa zikaisha, akarudi nyumbani bila digrii. Stori ya kukwama kwa sababu ya karo mnaijua vizuri.

Kitabu chake cha kwanza, cha 1735, kilihusu majirani zetu: alitafsiri safari za padri Mreno, Jerónimo Lobo, kule Abyssinia, yaani Ethiopia. Mwaka huo huo akamwoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi miaka 20, wakafungua shule. Wanafunzi hata kumi hawakufika. Shule ikafa. Mwaka 1737 akashika njia ya London na mmoja wa wanafunzi hao, David Garrick, aliyekuja kuwa mwigizaji staa kuliko wote wa zama zake. Johnson yeye aliishia kuandikia magazeti, leo ameshiba, kesho ana njaa.

Dili kubwa lilikuja mwaka 1746. Wauza vitabu wa London walitaka kamusi ya maana ya Kiingereza, wakamwahidi pauni 1,575. Zinaonekana nyingi, lakini humo humo alipe wasaidizi, anunue karatasi na kodi ya nyumba itoke. Akakodi nyumba Gough Square (ipo mpaka leo, ni makumbusho), akaweka wasaidizi sita kwenye chumba cha juu, watano kati yao Waskoti. Alisema atamaliza kwa miaka mitatu. Wafaransa, wasomi 40, walikuwa wamehangaika na kamusi yao kwa miaka zaidi ya hamsini!

Kazi ilienda hivi. Johnson anasoma kitabu, anapiga mstari chini ya neno linalomvutia, kisha wasaidizi wananakili sentensi nzima kwenye vipande vya karatasi. Hakutaka kubuni maana kichwani. Alitaka kuona waandishi wenyewe walivyolitumia neno. Sioni kama kabla yake kuna mtu aliyelifanya hilo kwa Kiingereza kwa kiwango kile.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maneno magumu, yale ya kubabaisha watu, hayakumpa shida: maana moja au mbili, kwisha. Waliomtoa jasho ni hawa wadogo wa kila siku. ‘Take’, ‘put’, ‘set’, ‘fall’. Kila kitabu alichofungua kilimletea maana mpya. Wasomi waliochunguza karatasi zake wanaeleza kwamba alikuwa ametenga nafasi za maana mapema kwenye madaftari, na vitenzi hivyo vikafurika hadi mpango wote ukavunjika. Ilibidi aanze upya akiwa ameshakula miaka kadhaa na pesa za watu.

Ukitaka kuonja taabu yake, chukua ‘piga’ yetu. Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga deki, unapiga kura, unapiga picha, unapiga chenga, unapiga luku. Kichapo kiko wapi hapo? Sasa jaribu kuzipanga hizo kwa mstari, kutoka ya asili hadi ya mwisho, kila moja na ushahidi wake. ‘Take’ peke yake ilikula kurasa tano kubwa. (Msimchanganye na Frederick Johnson wa kamusi ya Kiswahili ya 1939. Huyo ni mwingine kabisa.)

Mwaka 1752 mkewe akafariki. Majuma mawili baadaye aliletwa nyumbani kwake kijana mdogo mweusi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica. Johnson, aliyeuchukia utumwa waziwazi, alimpeleka shule na kumlea karibu kama mwanawe.

Kamusi ilitoka Aprili 15, 1755, baada ya karibu miaka tisa. Mabuku mawili mazito, maneno 42,773, mifano kama 114,000. Alipoanza aliamini ataweza kukifunga Kiingereza kisibadilike tena. Kwenye dibaji alikiri kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwangu mimi, kukiri huko kuna thamani kuliko hata hizo maana 134.

Maisha yake pia yaliingia humo ndani. Bwana mkubwa mmoja, Lord Chesterfield, alimpa pauni kumi mwanzoni, akapotea, kisha kazi ilipokaribia kwisha akajitokeza gazetini kuisifu. Johnson alimwandikia barua ya kumkata maini, na neno la mfadhili akalieleza kwa namna ambayo kila mtu London alijua anayerushiwa mawe ni nani. Shayiri ya oti nayo akaieleza kuwa chakula cha farasi kwa Waingereza na cha watu kwa Waskoti. Wale wasaidizi watano sijui walinyamaza vipi.

Lakini maana nyingine humrudia mwenyewe. Sifa alizipata, pesa hakuna: mwaka 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika pauni sita, mwandishi mwenzake Samuel Richardson akamtoa. Mamake alipofariki mwaka 1759, alilipia gharama za mazishi kwa kuandika hadithi ya mwanamfalme wa Abyssinia, jioni za wiki moja tu. Halafu mwaka 1762 mfalme akamtengea pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Shida ni kwamba kamusi yake mwenyewe ilikuwa imeieleza pensheni kama malipo ya vibaraka wanaoisaliti nchi yao. Aliwauliza marafiki kama maana ile inamgusa. Wakamwambia haimgusi. Akaipokea, na watu wakamcheka miaka mingi.

Alifariki Desemba 13, 1784, akazikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa. Katika wosia wake alimwachia Francis Barber pauni 70 kila mwaka pamoja na sehemu kubwa ya mali yake. Barber alihamia Lichfield na familia yake, na baadaye akafungua shule katika kijiji cha karibu.