Padri Tempels na Neno Jamaa

Miongoni mwa Wabelgiji walioandika juu ya Mwafrika katika karne ya ishirini, ni wachache waliozusha mabishano kama Padri Placide Tempels. Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akaingia shirika la Wafransisko, na mwaka 1933 akapelekwa Kongo, akatumikia miongoni mwa Waluba wa Katanga.

Kwa miaka kama kumi alikuwa bwana mkubwa kama mabwana wengine wa koloni: aliamuru, alifundisha, hakusikiliza. Hatimaye akatambua kuwa mahubiri yake hayaingii mioyoni mwa watu. Ndipo alipoanza kuuliza. Majibu aliyoyapata akayaandikia kitabu kwa Kiholanzi, nacho kikatolewa Elisabethville mwaka 1945 katika tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Rubbens. Humo alishikilia kwamba Wabantu wanayo falsafa yao, na msingi wake ni nguvu ya uhai, iwezayo kuongezeka au kupungua ndani ya mtu.

Wasomaji wetu askari yafaa wajue kuwa kitabu hicho kilizaliwa wakati wa misukosuko. Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg. Mwaka huo huo Tempels aliandika makala juu ya falsafa ya uasi katika gazeti la L'Essor du Congo, na katika makala nyingine akadai haki za kijamii. Askofu de Hemptinne wa Katanga alikipinga kitabu chake. Mwaka 1946 Tempels akarudi Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949.

Hatusemi kuwa hakukosea. Aliwasikiliza Waluba akawasemea Wabantu wote. Na Aimé Césaire, mwaka 1950, alimlaumu kwamba falsafa hiyo iliwafaa wakoloni, kwa kuwa haikugusa mali wala mamlaka yao.

Hata hivyo, kazi yake ya pili twaiona kubwa kuliko kitabu. Huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, alianzisha Jamaa, neno ambalo kwetu pwani, toka Kismayu hadi Kilwa, ni ndugu na watu wa nyumbani. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walifundishwa pamoja, na padri aliketi nao kama mwenzao.

Mwaka 1962 aliondoka Kongo, asirejee tena kuishi huko, akafariki Hasselt mwaka 1977. Wana Jamaa walimwita Baba Placide.